Mwalimu wa Falme Zilizoshindwa

Mwalimu hakuwahi kuanza upya. Anayetaka kumjua na aanzie hapo, maana ndipo na hasira zangu kwake zilipoanzia.

Katika gemu aliyokuwa akicheza kulikuwa na kitufe cha kuanza upya, kama zilivyo gemu zote. Ukiona umeharibu, jeshi limekwisha, hazina tupu, maadui wamekukalia kifuani, unabonyeza tu, dunia inarudi mwanzo na wewe unakuwa mfalme mpya asiye na dhambi. Vijana wa chuo waliokuwa wakija uani kwetu walikibonyeza kama watu wanaofukuza nzi. Mwalimu hakukigusa. "Hicho ni cha watu ambao hawajawahi kulima Chamwino," alisema. "Mvua ikikukatikia mwezi wa pili, utabonyeza wapi?"

Alikuwa mstaafu, mwalimu wa historia. Alinifundisha kidato cha pili, na alinichapa pia, kwa kosa la kusema Vita vya Majimaji havikuwa na maana kwa kuwa tulishindwa. Miaka ikapita, nikaja kupanga chumba cha nyuma kwenye nyumba yake, mimi na binti yangu Pendo, ukuta kwa ukuta na mpangaji mwenzangu, Mama Neema. Baba yake Pendo alikwenda machimboni akabadilisha namba ya simu. Hiyo ndiyo habari yake yote na sitampa sentensi nyingine. Asubuhi nilikaanga vitumbua nikavipeleka kwenye ofisi za serikali, mchana nikashona nguo za watu, na katikati ya hayo nikawa namsikia Mwalimu upande wa mbele akizungumza na kompyuta yake kama mtu anayezungumza na mwanafunzi mzito.

Kwa asiyeijua gemu ile, ni ramani ya dunia nzima ya zamani, imepakwa rangi kama ile ya ukutani darasani. Kila ufalme una rangi yake. Unakusanya kodi, unaandikisha askari, unaoza mabinti kwa wafalme wa jirani, unatia sahihi mikataba na kuivunja, na miaka inapita pale juu kwenye kona kama mita ya maji. Ukishinda, rangi yako inatanuka. Ukishindwa, inaliwa. Sehemu yetu sisi, tuseme kutoka Kilosa mpaka kule Tabora, ilikuwa ya kijivu. Haina jina, haina mfalme, hata kuibofya huwezi.

Kijivu hicho ndicho kilichonionyesha Mwalimu akikasirika kwelikweli. "Hapa," alisema, akigonga kioo kwa kucha, "misafara ilisimama ikalipa hongo, ule ushuru wa njia, ndipo ikaruhusiwa kunywa maji. Waarabu walilipa. Wazungu walilipa. Halafu mtu amekaa huko kwao, ametupaka jivu."

Nikamwuliza kwa nini sasa anacheza gemu inayomtukana.

"Nitaiachaje kabla sijaijibu?"

Vijana wa chuo walimletea falme zao zinazokufa. Sitanii. Walikuja na flashi mfukoni, mtu ameharibu gemu yake ya wiki nzima, hana pa kwenda, anasikia kuna mzee Chamwino anapokea. Walikuwa wanapiga hodi kwa adabu kama watu waliobeba mgonjwa kwenye machela.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea mgonjwa."

"Marahaba. Ana nini bado?"

"Ah, huyu amekwisha. Mji mkuu umechukuliwa, mfalme amekufa vitani, mrithi ni mtoto mchanga, na..."

"Sikukuuliza amepoteza nini. Habari za msiba utampa mama yako. Nimekuuliza ana nini bado."

"Hana kitu, Mwalimu."

"Hana kitu, na bado ana rangi kwenye ramani? Kaa hapo chini. Hesabu."

Na kijana wa mwaka wa tatu, mwenye simu kubwa kuliko Biblia, anakaa kwenye kigoda anahesabu: bandari moja, kikosi kimoja cha farasi kilichojificha milimani, dada wa mfalme ambaye hajaolewa. Mwalimu anatikisa kichwa. Dada huyo ndiye atakayeokoa nchi, anasema, na wewe hata jina lake hukulisoma.

Dawa yake ilianza kwa kusimamisha kila kitu. Alikuwa anaisimamisha gemu, askari wameinua panga hewani, halafu anakunywa chai. Mtu akipita dirishani angedhani mzee anatazama kalenda. Mimi nilikuwa nachoka kwa niaba yake. Alipomaliza chai alianza kutoa, na hapo ndipo vijana walipokuwa wanashika vichwa, kwa sababu alitoa vitu ambavyo mtu mwingine angevifia. Aliomba amani ya aibu. Alitoa majimbo. Siku moja alitoa mji mkuu wenyewe, hivi hivi, kwa adui aliyekuwa hajauomba.

"Mwalimu! Huo ni mji mkuu!"

"Mji mkuu ni mahali watu walipoamua kupeleka mafaili. Wakiamua tena watayahamisha. Wewe unakaa Dodoma na hulijui hilo?"

Tulicheka mpaka Mama Neema akaja kuuliza kuna nini. Lakini alikuwa hatanii. Akishatoa, anangoja. Maadui waliomla pamoja wanaanza kugombana juu ya vipande. Hapo ndipo anamwoza yule dada, anapata mshirika, anarudisha jimbo moja bovu ambalo hakuna aliyelitaka, kisha la pili. Ilikuwa kazi ya polepole isiyopendeza kuitazama. Hakukuwa na shangwe. Rangi inarudi kama nyasi za Novemba.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa namna nyingi, na si zote nilizipenda. Hakuweza kuchinja kuku. Alikuwa akimpeleka kwa Mama Neema huku amegeuza uso, halafu anarudi ndani anachoma miji. Aliita ile gemu "somo" na ukisema "gemu" mbele yake anakusahihisha. Alikuwa mkali wa muda. Vitumbua vyangu vikichelewa ananiuliza kama jua la kwangu ni tofauti. Lakini kwenye mashine yake mwaka mmoja ungeweza kuchukua asubuhi nzima. Hakumsifu mtu. Kijana akiokoa ufalme kwa mikono yake mwenyewe, Mwalimu anasema, "Haya. Hukuuharibu sana," na kijana anaondoka anang'aa kama aliyevishwa joho. Na juu ya maisha yangu hakuwahi kusema neno. Nilimngoja aseme. Nilikuwa na majibu makali nimeyanoa, kuhusu wanaume na kuhusu shule na kuhusu mtu anayempa msichana fimbo badala ya jibu. Hakuniuliza kitu. Alimfundisha Pendo kutaja rangi kwenye ramani, basi.

Mbuzi wake nao walikuwa jambo. Zizini kwake hapakuwa na mbuzi hata mmoja, lakini alikuwa na mbuzi. Mmoja yuko Buigiri kwa mtu waliyesoma pamoja, wengine wako Gulwe kwa shemeji, wengine mahali ambapo hakuniambia. Sisi Wagogo tunajua. Mwenye mifugo haweki wote kwake. Anawagawa kwa marafiki na wakwe, yule anakunywa maziwa, yeye anabaki na mnyama. Ukame ukipiga huku, kule mvua imenyesha. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile limepona. Na kuna faida nyingine ambayo wazee hawaisemi kwa sauti: hakuna anayejua una wangapi. Kila mtu anamjua yule mmoja aliye kwake.

Ndivyo alivyogawa na majeshi. Vijana walipenda jeshi moja kubwa liende kwa kishindo. Yeye alilivunja vipande vidogo, hiki ngomeni, hiki msituni, hiki kwa mfalme rafiki kama mgeni. Adui alikuwa anapiga kipande anadhani amemaliza.

Nilianza kumsomea kwa bahati, au nilidhani ni bahati. Nilipeleka vitumbua, akasema, "Mama Pendo, herufi za siku hizi wamezifanya ndogo kama mayai ya chawa. Hebu nisomee hapo kwenye barua ya balozi." Nikasoma. Kesho yake tena. Mwishowe ikawa kazi yangu ya kila siku baada ya kushona: nakaa pembeni yake, nashika mausi, nasoma, naye anaamuru. "Usimwambie mtu," alisema. "Watasema Mwalimu amezeeka." Nikaona ni siri ndogo ya mzee mwenye majivuno. Nikaitunza. Hata niliipenda, nitasema ukweli, maana kwa saa ile moja sikuwa mama wa mtu wala mwenye vitumbua. Nilikuwa mkono wa mfalme.

Ufalme wake mwenyewe, si wa kuletewa, ulikuwa wa kijani, mdogo, wenye jina nisiloweza kulitamka. Aliuchagua kwa sababu hakuna anayeuchagua. Ulikuwa umebakiwa na jimbo moja, kando ya ziwa, umezungukwa na wekundu pande zote. Nilimwambia, "Hapa Mwalimu hata wewe huna dawa." Akasema nisome. Tulisoma, tukatoa, tukangoja, wekundu wakagombana na wa njano, tukapenya. Siku tuliporudisha jimbo la pili nilipiga kelele kama mpira umeingia goli.

"Imerudi, Mwalimu! Kijani imerudi!"

Alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Akatabasamu.

Kiganja chake kilikuwa juu ya wekundu. Kijani yetu ilikuwa upande wa pili kabisa wa kioo.

 Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kitanda. Lazima nieleze kwa nini. Nililelewa Gulwe na bibi aliyepofushwa na vikope. Yeye alishika ncha moja ya fimbo na mimi ncha nyingine, kwenda kisimani, kwenda zahanati, kwenda kanisani, kwenda kwa watu kuomba unga. Treni zilikuwa zinapita, watoto wenzangu wanakimbia kuzipungia, mimi nimeshika fimbo. Nilianza shule nimechelewa kwa ajili ya fimbo. Nilimpenda bibi, na nilipomzika niliapa kwamba sitamwongoza kipofu mwingine katika maisha haya. Na huyu hapa.

Nikajipa moyo: labda ni mwanga wa dirisha. Labda mkono ulitetemeka. Kisha ikaja ile siku ya maji.

Maji yalikuwa ya mgawo, watu wote tuko kwenye kioski na ndoo, jua la saa sita. Mama Neema anasukuma watu.

"Nipisheni jamani, nina chai ya Mwalimu jikoni. Bila mimi yule hajui sukari na chumvi."

"Kila siku uanze wewe!" akasema mke wa mzee wa kanisa. "Na mimi nina shati zake za kupanga. Za Jumapili kulia, za kila siku kushoto. Nikikosea anakwenda ibada na shati la shambani." Kisha akajiziba mdomo. "Jamani, alinikataza kusema."

"Alikukataza?" Huyo alikuwa mwenye duka, Mrangi wa Kondoa tuliyemwita Shehe kwa ajili ya ndevu zake. "Mbona na mimi alinikataza? Anakuja mlango wa nyuma. 'Shehe, vidole vimekufa ganzi, nipigie namba ya mwanangu Dar.' Kila Jumamosi. Na siku hizi hata vidonge vyake namtenganishia mimi, vyeupe huku, vya njano huku."

"Kanisani," mke wa mzee wa kanisa akasema polepole, "anashika kitabu cha nyimbo. Mume wangu humgeuzia kimyakimya. Kitabu huwa kichwa chini. Anaimba yote kwa moyo."

"Mimi namsomea herufi," nikasema.

Ndoo ya Mama Neema ilijaa, ikamwagika, maji yakatutambaa miguuni, na hakuna aliyefunga bomba. Dodoma, mwezi wa tisa, na hakuna aliyefunga bomba.

"Basi huyu mzee haoni," akasema Shehe.

"Anaona kidogo," Mama Neema akajibu.

"Kidogo kipi? Mama Neema, nitajie kitu kimoja alichokiona mwaka huu bila mmoja wetu."

 Tulikuwa tunatazamana kama watu wanaogundua wameolewa na mume mmoja. Alitugawa. Mzee yule alituchukua mmoja mmoja akatupa kila mtu mbuzi wake wa kutunza, na kila mtu akarudi nyumbani akidhani ndiye pekee mwenye siri, na hakuna aliyejua jumla ya kundi. Niliiacha ndoo yangu palepale.

Mwalimu alikuwa mbele ya mashine, mgongo umenyooka.

"Mwalimu, shikamoo. Nina nini mkononi?"

Akageuza uso kuelekea sauti. "Ndoo."

"Sina kitu. Ndoo nimeiacha bombani. Nilipoiacha, Shehe yuko pale, na Mama Neema, na mke wa mzee wa kanisa. Tumehesabu."

 Mkono wake ukatafuta kikombe, ukakikosa, ukarudi magotini.

"La kushoto?" nikauliza.

"Limekwenda zamani. Kabla hujapanga hapa."

"La kulia?"

"Lina upenyo. Kama unatazama kwa tundu la kufuli. Ni presha ya macho, walinipa matone, baadaye wakasema wafanye upasuaji. Sikurudi."

"Kwa nini?"

"Walisema kilichokwenda hakirudi."

"Na kilichobaki?"

Akageuzia uso kwenye kioo. Nikalipuka. Sijui kama kuna mtu mtaani ambaye hakunisikia. Nilimwambia, wewe! Wewe unayewakalisha watoto wa watu kwenye kigoda, ana nini bado, hesabu, dada hajaolewa, bandari moja! Jicho moja, Mwalimu! Una jicho moja na umelificha kama mbuzi wa Gulwe ili life kwa siri!

Alingoja nimalize. Alikuwa na ustadi huo, miaka yote ya darasani.

"Mama Pendo, kwenye somo nikikosea, inayokufa ni rangi. Daktari akikosea, hata lile tundu linazibwa. Ninaogopa." Sikuwahi kumsikia akilitumia neno hilo. "Na kuna jambo la pili. Mwanangu ameshasema. Siku akisikia siwezi kujiendesha atanipeleka Dar, nikae chumba cha nyuma, nyumba hii iuzwe. Nitakaa kwenye kochi la watu nisikilize televisheni. Mkijua wote, atajua. Mkijua kila mmoja kidogo, hakuna mwenye la kumwambia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nisomee. Tulikuwa tunaingia mwaka mpya."

Sikumsomea. Nilichomoa waya wa umeme wa kompyuta, nikauzungusha mkononi, nikaondoka nao. Nikamwambia ataupata siku atakayotoka hospitali na bandeji usoni.

Mtu mwingine angekuja kuomba, au angetukana, nyumba ni yake na angeweza kunifukuza. Yeye alikaa siku baada ya siku mbele ya kioo cheusi. Nikipita na karai la unga namsikia: "Kikosi cha ziwa, rudi nyuma. Balozi, mwambie mfalme wa njano tunamsalimu." Alikuwa anaendelea kucheza kichwani. Mama Neema alinikabili uani.

"Mrudishie mzee waya wake. Utamwua."

"Mimi nimwue? Anajiua mwenyewe, na nyie mnamkorogea chai."

"Una roho ngumu wewe binti."

"Ndiyo. Laini ninyi mnazo, na zimemfikisha hapa."

 Kila siku niliyoushikilia ule waya, nilijua, na jicho linakwenda. Ningempigia mwanawe mimi mwenyewe, nilifikiria hivyo, nikaona lile kochi, sikupiga.

Mwishowe alikuja mlangoni kwangu, asubuhi, anapapasa ukuta. Alikuwa amevaa koti la Jumapili juu ya shati la shambani, maana mke wa mzee wa kanisa alikuwa bado hajapita.

"Mbukwa," akasema, kwa Kigogo, kama mgeni. "Twende huko kwa daktari wako."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole, na upole huo ulinitisha kuliko ukali. Alimulika, akapima, akaandika. Akasema upasuaji huu si wa kurudisha, ni wa kuzuia, na kwamba cha kuzuia kimebaki kidogo sana. Mwalimu akamwuliza kama mtu anayeuliza habari ya nchi ya mbali: "Ili kibaki zaidi, ningekuja lini?" Akajibu, "Mwaka jana, mzee wangu. Hata mapema mwaka huu." Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Nilitoka nje nikapiga ukuta wa hospitali kwa ngumi, mlinzi akanijia, nikamwambia na yeye aniondokee.

Wakamfanyia. Bandeji ilipotolewa aliona dirisha, na mimi nikisimama kwenye dirisha aliniona kama kivuli cha mti. Tulirudi nyumbani na hilo. Nikachomeka waya.

Na hapa ndipo ninapochukia kila kitu, gemu na dawa na mpangilio mzima wa dunia, kwa sababu ufalme ulipona. Mimi ninasoma, yeye ameegemeza kichwa nyuma na macho yamefumbwa, ramani nzima iko kichwani mwake kuliko ilivyo kwenye kioo. Nikisema jeshi liko mtoni ananiambia, hapana, soma tena, liko ng'ambo. Nasoma tena, liko ng'ambo. Majimbo matatu. Matano. Mji mkuu ukarudi na hata hakusimamisha kunywa chai. Vijana walikuja kupiga picha kioo, wanaambiana hakuna mtu aliyewahi kuutoa ufalme ule pale ulipokuwa. Kijani ilikuwa inatanuka, na kwenye kichwa kile kile lile dirisha lilikuwa linafifia, wiki hii fremu yake, wiki ijayo mwanga tu. Alikuwa ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, katikati ya amri. "Kodi ya bandari ishushe. Dirisha leo silioni. Peleka balozi kwa wa njano."

Hakunilaumu kwa siku za waya. Ningependa angenilaumu, tungegombana vizuri tukamaliza.

Na aliendelea kutugawa! Alituita mmoja mmoja tena, akatuomba mwanawe asijue, na wote tukakubali, na mimi nikakubali huku nasaga meno. Kila akipiga simu Dar kutoka kwa Shehe anasema niko salama, nasoma magazeti.

Kisha nikapata kazi ya cherehani mjini, Pendo akaanza shule huko, tukahama. Kijana mmoja wa chuo akachukua nafasi yangu ya kusoma. Nilikuwa namtumia Mwalimu salamu kwa Mama Neema, na kwa muda mrefu sikwenda, kwa sababu sikujua niende na uso gani.

Nilikwenda kiangazi kilichofuata, mchana. Nilipoingia uani nilikuta gari jeupe lenye vumbi la safari, na kwenye kiti cha heshima mwanaume wa makamo, shati safi, soda mkononi. Mwanawe. Amekuja bila kuarifu. Wanawake wamekaa kwenye mkeka wanabangua karanga, Shehe amechuchumaa kando yao, na nikaona mara moja kwamba wote wako kazini. Mama Neema anasema, mzee amelala, huwa anapenda kulala mchana. Mke wa mzee wa kanisa anasema, juzi tu alisoma somo la kwanza ibadani. Alikuwa anadanganya na karanga mdomoni. Mimi nikasalimia, nikakaa, nikachukua karanga, nikaanza kubangua na mimi. Nikasema ndiyo, Mwalimu ana nguvu zake.

Mlango wa mbele ukafunguka. Alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu. Amekonda. Shati amelivaa ndani nje. Macho yalikuwa yametazama juu ya vichwa vyetu, pale ambapo hapana kitu.

"Mliopo hapo nje, mbukwenyi," akasema.

Tukaitikia, sauti ndogo. Mwanawe alikuwa ameinuka nusu.

"Gari nimelisikia. Karibu, mwanangu. Usiwasikilize hawa, nimewafundisha uongo mimi mwenyewe na hawajui kuusema." Akavuta pumzi. "Mimi sioni. Si kidogo. Sioni kabisa. Na hapa siondoki. Hayo mawili nimeyasema mbele ya watu wote ili kila mtu awe nayo yote."

Karanga zilisimama mikononi mwa watu. Mwanawe akasema, "Baba..."

"Ngoja kwanza. Sasa mtu anipeleke chooni."

Na hakuna aliyeinuka. Si kwa roho mbaya. Mama Neema alikuwa wa chai, yule wa shati, Shehe wa simu. Kazi hii hakuwahi kumpa mtu, alikuwa anakwenda mwenyewe kwa kupapasa ukuta. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Mwanawe akapiga hatua.

"Wewe kaa, umalize soda. Njia ya choo cha hapa umeisahau. Jamani, hima! Adui yuko ukutani!"

Uani kote kukapasuka kicheko, kicheko kibaya, cha watu waliokuwa wamebana pumzi muda mrefu. Mimi sikucheka. Niliinuka, karanga zikamwagika, nikaenda nikamshika mkono juu ya kiwiko. Akageuza uso, akanusa, akasema, "Mafuta ya cherehani. Mama Pendo," na hapo hapo akaanza kunivuta, kwa sababu njia aliijua kuliko mimi na alikuwa na haraka.

"Mwaka jana, Mwalimu," nikamwambia tukienda. Meno yamebana. "Maneno hayo hayo. Ungeyasema mwaka jana."

"Najua. Kuna jiwe hapo, inua mguu."

Niliinua mguu. Nikamfungulia mlango, nikaweka mkono wake kwenye ukuta, nikaufunga. Nilipogeuka mwanawe alikuwa amesimama mbele yangu, chupa ya soda bado mkononi, uso umemwishia damu.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Nikaegemeza mgongo kwenye ule mlango wa bati, na jua linanichoma usoni, nikamtazama mpaka yeye ndiye aliyeangalia chini, nikangoja Mwalimu aniite.